Bomba chini kwanza, antena juu baadaye

Wadau, leo naweka siasa kando. Najua wapo waliozoea kufungua ukurasa huu wakitarajia nimchambue mheshimiwa fulani, lakini leo nataka kuzungumzia MTARO. Ndiyo, mtaro, ule unaochimbwa kwa sururu na chepe. Hoja yangu ni moja na ninaitaja hapa hapa mwanzoni ili asiye na muda aondoke nayo: yeyote anayetaka kufunga kituo cha redio ya ridhaa nyumbani kwake, shuleni au kwenye klabu, aanze kwa kufukia bomba la kupitishia kebo, na pale bomba linapofika ukutani aweke ethi ya maana. Antena ije baadaye. Sisi tunafanya kinyume. Tunaanza na mlingoti ili majirani waone, halafu kebo tunaipenyeza dirishani. Kwa nchi zinazopigwa na radi kama zetu, hilo si jambo la mzaha.

Kwa wasioifahamu, redio ya ridhaa si redio ya kutangaza muziki na salamu. Ni mtu wa kawaida mwenye leseni, anayerusha na kupokea mawasiliano kwa mitambo yake mwenyewe, bila malipo na bila biashara. Wenyewe duniani kote hujiita "ham". Kwetu Tanzania leseni inatolewa na TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ni UCC. Kila nchi ina herufi zake za kuanzia jina la kituo: ukisikia 5H huyo yuko Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi na 9Q Kongo. Kwa redio ya wati 100, betri ya gari na waya uliotundikwa juu ya miti miwili, mtu wa Bukoba anaweza kuongea na mtu wa Muscat au Moscow bila mnara wa simu, bila intaneti na bila kifurushi.

Nitaulizwa: enzi hizi za simu za mkononi, redio ya nini? Jibu liko kwenye matukio. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman na Nicobar vya India, simu zilikufa. Ikatokea kwamba kundi la wana redio ya ridhaa wa India, likiongozwa na mwanamama Bharathi Prasad, lilikuwa limepiga kambi Port Blair kwa ajili ya burudani yao tu ya kuongea na dunia. Wakaacha burudani, wakaanza kupitisha habari za nani kapona, nani anatafutwa, nini kinahitajika wapi. Mawimbi hayo hayo yalivuka bahari siku ile ile yakaua watu hadi pwani yetu. Na kama 2004 ni zamani mno kwako, kumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Wengi wetu magazetini tulikaa tunatazamana. Siku kama hizo ndipo unapoona thamani ya mtu mwenye waya wake juu ya miti.

Kwa hiyo mimi ni mshabiki. Nataka tuwe na vituo vingi zaidi, hasa mashuleni. Lakini navitaka vituo ambavyo mwenye navyo atakuwa hai kesho yake.

Sasa niseme kilichonisukuma kuandika. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, yuko nyumbani Bukoba kwa mama, na anafukuzia leseni. Kijana ana kichwa kizuri, amejifunza mwenyewe. Wiki chache zilizopita akanieleza mpango wake kwa simu: mlingoti wa mkaratusi nyuma ya nyumba, umbali wa mita kama 15, antena juu yake, na kebo ivutwe hewani kama kamba ya kuanikia nguo hadi dirisha la chumba chake, iingie, ifike mezani kwenye redio. Nikamuuliza, na ethi je? Akasema, "Kaka, nitachimbia nondo pale kwenye mlingoti, inatosha." Haitoshi. Na ndani ya nyumba hiyo analala mama yetu.

Waliokulia Bukoba wananielewa. Ziwa Victoria ni moja ya maeneo yenye radi nyingi kabisa duniani. Jua huipasha ardhi mchana, ziwa nalo hutoa mvuke usiku na mchana, mawingu yanajipanga, na ngurumo zinakuwa sehemu ya maisha. Ukivuka kwenda magharibi hali ni kali zaidi. Uchambuzi wa picha za setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliitaja Kabare, mashariki mwa Kongo, kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi, mimweko zaidi ya 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, ikitanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Majirani zetu Uganda hawatausahau mwezi Juni 2011, radi ilipopiga shule ya msingi Runyanya wilayani Kiryandongo na kuua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu. Mwezi Novemba 2024 radi iliua watu 14 kwa mpigo mmoja kwenye kambi ya wakimbizi ya Palabek, waliokuwa wamekusanyika kwa ibada.

Na kuna la pili, ambalo sisi waandishi tunalijua vizuri kuliko tunavyoliandika. Radi ikiua kijijini, swali la kwanza la watu si "ethi ilikuwa wapi?" Swali ni "nani kaituma?" Nimeripoti misiba ya namna hiyo, na kila mara kabla ya matanga kwisha jina la mtu limeshaanza kunong'onwa, mara nyingi bibi kizee anayeishi peke yake. Kanda ya Ziwa tunajua manong'ono hayo yanaishia wapi. Tumezika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa jambo ambalo mwanafunzi wa fizikia angelieleza kwa dakika tano. Sasa mtu anaposimamisha mlingoti mrefu katikati ya kijiji bila ethi, hahatarishi redio yake tu. Anawekeza msiba kwa jirani asiyejua hata antena ni nini.

Hebu tuiangalie hiyo fizikia. Pasi ya umeme nyumbani inakula ampia nne au tano. Radi ya kawaida inabeba ampia zipatazo 30,000, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Tulifundishwa sekondari kwamba volti ni ampia mara ukinzani. Chukua ethi nzuri tu, yenye ukinzani wa omu 10. Ampia 30,000 mara 10 ni volti 300,000. Maana yake ni kwamba radi ikitua kwenye mlingoti wa mdogo wangu, nondo yake ikafanya kazi yake barabara, bado kwa nukta hiyo ardhi ya pale mlingotini inapanda hadi laki tatu. Upande wa pili wa nyumba kuna nondo nyingine, ile ya umeme wa nyumba, ambayo bado iko karibu na sifuri. Kati ya laki tatu na sifuri kuna nini? Kuna kebo iliyopita dirishani, kuna redio mezani, kuna waya wa umeme wa redio hiyo uliochomekwa ukutani, na pengine kuna mkono wa kijana aliyekuwa anazungusha kitufe. Radi itapita hapo. Haina ubaguzi wala haikutumwa na mtu.

Dawa yake ni kuunganisha ethi zote ziwe kitu kimoja. Nondo ya mlingoti, nondo ya pale kebo inapoingia ndani na nondo ya umeme wa nyumba zifungwe pamoja kwa waya mnene wa shaba. Kanuni za umeme za Marekani, ambazo wana redio wengi duniani huzifuata, zinataka waya huo wa kuunganisha usipungue kama milimita za mraba 13. Kwenye maduka yetu omba wa 16, usikubali kupewa mwembamba. Fikiria mitumbwi ufukweni. Ikifungwa pamoja, wimbi likija inapanda yote na kushuka yote. Ikiwa mbalimbali, aliyeweka mguu mmoja kwenye mtumbwi huu na mwingine kwenye ule ndiye anayezama.

Sasa bomba linaingiaje hapa? Wapo wanaodhani ukishaifukia kebo umeikomesha radi. SI KWELI, na mtu asije akasema nimeandika hivyo. Radi ikipiga antena, itaifuata kebo hata ikiwa imefukiwa mita nzima. Faida ya bomba ni kwamba linakulazimisha kuwa na utaratibu. Kebo iliyopita hewani huingilia popote: dirishani, chini ya bati, kwenye tundu la panya. Kebo iliyopita bombani huingilia mahali pamoja, chini, ukutani, karibu na ardhi, na hapo ndipo unapoweka lango. Lango lenyewe ni boksi nje ya ukuta lenye bamba la shaba au aluminiamu. Kila kebo inapita kwenye kikinga radi kilichofungwa kwenye bamba, na bamba linashuka kwa waya mfupi, mnene, usio na kona kali, hadi kwenye ethi. Kule mlingotini nako, kabla kebo haijazama ardhini, ule wavu wake wa nje unafungwa kwenye nondo ya mlingoti. Kinachobaki kuingia chumbani ni mawasiliano peke yake.

Na ukisikia ngurumo kwa mbali, unakwenda kuzichomoa kebo pale pale kwenye boksi, NJE. Unachomoa pia waya wa umeme wa redio. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, gawa kwa tatu, unapata umbali kwa kilomita. Ikiwa ni chini ya sekunde 30 umeshachelewa, usiguse kitu, kaa ndani. Kwa wale ambao huchomoa kebo nyuma ya redio na kuiacha inaning'inia karibu na kitanda, naomba waelewe kwamba wameikaribisha radi chumbani na kuitandikia.

Bomba lina faida nyingine ambazo hazihusu kifo. Linakuwezesha kuiweka antena mbali na nyumba, na mbali na nyumba maana yake ni mbali na kelele za taa za LED, chaja za simu na inveta za sola, ambazo siku hizi zinafanya redio inayopokea mawimbi marefu isikike kama karanga zinazokaangwa. Kebo iliyolala ardhini nayo huokota kelele kidogo kuliko iliyoning'inia. Na kubwa kuliko yote, kebo ikichakaa unaivuta ya zamani unaingiza mpya, hakuna kuchimba tena.

Nimezungumza na mafundi umeme wawili na mzee mmoja mwana redio wa siku nyingi hapa Dar es Salaam, na nimesoma kanuni. Mambo wanayokubaliana ni haya.

Kina kiwe sentimita 45 hadi 60. Jembe la mkulima halifiki huko. Kwetu Bukoba, ambako migomba na maharage yanapalilia nyumba hadi mlangoni, kina cha sentimita 20 ni kusubiri jembe la mama likate kebo. Ukishafukia nusu, panga matofali ya kuchoma au vigae juu ya bomba kabla ya kumalizia udongo, ili atakayechimba miaka kumi ijayo agonge tofali kabla hajagonga bomba.

Ukubwa wa bomba usiwe wa kujibana. Kebo nene ya kawaida, ile RG-213, ina upana wa milimita 10.3. Kanuni inasema kebo tatu au zaidi zisijaze zaidi ya asilimia 40 ya nafasi ya ndani. Piga hesabu: bomba la milimita 50 linabeba kebo tisa za namna hiyo. Lakini kumbuka kichwa cha kebo kina upana wa karibu sentimita mbili, na kinatakiwa kipite bila kung'olewa. Kwa kituo cha mtu mmoja bomba la inchi mbili linatosha. Kwa klabu au shule, chukua lile la inchi nne la maji machafu, ambalo kila duka la vifaa vya ujenzi linalo.

Kona ziwe za kunyooka polepole. Elbo fupi za bomba la maji ni adui wa kebo, hazipitishi na zikipitisha zinaivunja ndani. Tumia bendi ndefu, na jumla ya kona kati ya boksi na boksi isizidi nne za digrii 90. Ukizidisha hapo hata mkivuta watu watatu haiji.

Usipitishe waya wa umeme wa nyumba kwenye bomba moja na kebo za antena. Kama unahitaji umeme kule mlingotini, laza bomba lake peke yake.

Halafu MAJI. Hapa ndipo wengi hudanganyana. Mtu atakuambia, "nimeziba vizuri, maji hayaingii." Yataingia. Hata kama mvua haipenyi, hewa yenye unyevu inaingia mchana, usiku bomba linapoa, unyevu unageuka matone. Mwaka mmoja baadaye una kisima kirefu chembamba. Kanuni zenyewe zinahesabu bomba lililofukiwa kuwa mahali pa maji, likiwa limezibwa au halijazibwa. Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza, laza bomba kwa mteremko unaotoka nyumbani, na sehemu ya chini kabisa chimba shimo, jaza kokoto, toboa matundu madogo chini ya bomba hapo maji yatokee. Lakini angalia ardhi yako. Kama unaishi bondeni ambako ukichimba nusu mita unakuta maji, usitoboe, maana utayakaribisha. Hapo unga kila kiungo kwa gundi ya paipu na uweke boksi la kukagulia ambalo unaweza kulikausha. Pili, nunua kebo iliyotengenezwa kwa kufukiwa, yenye ganda gumu na uji wa kuzuia maji ndani. Maji yakiingia kwenye ule wavu wa shaba kebo imekufa, ila itakufa polepole bila kukuambia.

Na tukiwa kwenye kebo, msidanganyike na bei. Kebo nyembamba ya RG-58 yenye urefu wa mita 30, kwenye masafa ya megahetsi 144, inapoteza desibeli kama sita. Kwa lugha ya kawaida, redio inatoa wati 50, antena inapata 12 na ushei, nyingine zimeishia kupasha joto udongo. Kwenye megahetsi 7 hasara ni ndogo, robo hivi. Kwa hiyo jua kwanza utatumia masafa gani, ndipo uende dukani.

La mwisho, acha kamba ya kuvutia ndani ya bomba hata kama umeshaingiza kebo zote. Na ncha zote mbili ziba kwa sponji na silikoni inayobanduka, maana mchwa, mende na panya wa nchi hii hawangojei mwaliko.

Najua pingamizi zitakazokuja, nizijibu mapema.

"Gharama." Mtaro wa mita 15 ni kazi ya vijana wawili kwa siku moja au mbili, au ya mwenye kituo mwenyewe kwa wikiendi mbili kama ana mgongo. Bomba la plastiki ni vipande vichache. Linganisha na bei ya redio utakayoichoma kwa mpigo mmoja, halafu linganisha na bei ya jeneza. Aliyepata hela ya redio ya kisasa asiniambie amekosa ya paipu.

"Si ufukie tu kebo yenyewe bila bomba?" Inawezekana, kebo za namna hiyo zipo na nimezitaja. Lakini siku ukitaka kuongeza antena ya pili unachimba upya, na siku panya akiitafuna unachimba usipojua ni mita ya ngapi. Bomba unalipia mara moja.

"Shaba itaibiwa." Hii ni hoja ya kweli. Nchi yenye soko la vyuma chakavu kila kona haiachi shaba inayoonekana ikalala salama. Lakini hilo ndilo linalonipa nguvu zaidi. Kebo inayoning'inia hewani inajitangaza. Iliyofukiwa na kufunikwa kwa matofali inahitaji mwizi mwenye bidii ya mkulima. Kichwa cha nondo nacho kikae chini ya usawa wa ardhi, ndani ya kiboksi chenye mfuniko, ambacho wewe unaweza kukifungua na kukagua kila mwaka kabla ya masika.

"Mimi ni mpangaji." Hapa nina huruma, kwa sababu na mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba hatakubali uchimbe uwanja wake kwa ajili ya kitu asichokielewa. Lakini mweleze kwamba bomba litabaki, na kesho litapitisha kebo ya dishi, ya kamera za ulinzi au ya intaneti. Asipokubali kabisa, tumia antena ya kusimika na kung'oa. Ukimaliza kuongea unaishusha na kebo unaikunja. Hii si aibu. Aibu ni kuacha kebo dirishani miezi sita ya mvua.

Wadau, mkinisoma vizuri mtaona kwamba ugonjwa ninaousema ni mpana kuliko redio. Sisi ni hodari wa kusimamisha kitu juu kabla ya kufikiria kinachopita chini. Mtaa ninaoishi ulipigwa lami, watu wakapiga vigelegele, kiongozi akakata utepe. Haukuisha mwaka, wakaja watu wa maji wakaikata lami ile ile kulaza bomba. Baada yao wakaja watu wa mawasiliano, wakakata upande wa pili. Leo ile barabara ina makovu kuliko bondia wa uzito wa juu. Gharama ya kulaza bomba tupu chini kabla ya lami ingekuwa ndogo mno ukilinganisha na ya kukata na kuziba mara mbili. Lakini bomba tupu halikatiwi utepe, wala hakuna anayepiga nalo picha.

Ndiyo maana napendekeza mambo mawili. La kwanza, kila darasa jipya na kila maabara mpya ya kompyuta inayojengwa ilazwe bomba tupu lenye kamba ndani, kutoka ukutani hadi nje ya msingi, mafundi wakiwa bado hawajamwaga zege. Kesho shule ikitaka kuanzisha klabu ya redio, au kuingiza mkongo, au kufunga sola, hakuna atakayebomoa. La pili, ningependa kuona kila anayepewa leseni ya redio ya ridhaa anakabidhiwa pamoja nayo kurasa mbili za Kiswahili chepesi kuhusu ethi, bomba na radi. Masafa yanalindwa kwa sheria, na ni sawa, lakini mtu akikosea masafa anaandikiwa barua. Akikosea ethi tunamwandikia tanzia. Sisi waandishi nasi tuna sehemu yetu: tukienda kuripoti radi, tuulize kuhusu ethi na tuliandike jibu, badala ya kuishia kwenye "wananchi wanahusisha tukio hilo na imani za kishirikina" na kufunga daftari.

Kwa mdogo wangu sijakataa. Kijana akipenda kitu kizuri usimzimie taa. Nimemtumia hela, lakini nimemtumia ya paipu, waya wa 16 na nondo tatu, na nimemwambia ya antena itafuata siku atakaponitumia picha ya mtaro uliofukiwa na boksi lililofungwa ukutani. Amelalamika kwamba namchelewesha. Mama ameniambia kijana ameshaanza kuchimba, na kwamba amemwelekeza asipite kwenye migomba yake.

Nawasilisha.